Neno la Mtani Kutoka Barafuni

Kambi ya Barafuni, Antaktika
2 Desemba 1974

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo.

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu tuondoke Leningradi sijakuandikia, na najua usivyopenda mtu aseme hakupata nafasi. Nafasi niliipata. Nilichokosa ni njia ya kuitoa barua, maana huku hakuna posta. Kuna meli inayotuletea mafuta na chakula, na hiyo ndiyo itakayoichukua barua hii mpaka Montevideo, Amerika ya Kusini. Kutoka huko itatafuta yenyewe njia ya Kanyenye.

Mimi na mwenzangu Pazi tu wazima. Katika barua yako ya mwisho uliuliza: Serikali imemtoa kijana Tabora, mji wa visima, ikampeleka kusomea bahari, sasa amekwenda mahali ambapo bahari yenyewe imefunikwa. Anatafuta nini huko? Nitajibu kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha.

Barafu tunayokaa juu yake haikuketi ardhini. Imetoka bara, ikateremka polepole mpaka baharini, na sasa inaelea, ingawa bado imeshikana na ile iliyobaki nchi kavu. Ukiisimamisha minara kumi ya misikiti, mmoja juu ya mwingine, ndio unene wake. Upana wake ni mwendo wa Tabora hadi Itigi, na zaidi. Chini yake mna bahari yenye giza. Bamba hili ni kama jiwe lililowekwa mlangoni: likiondoka, barafu ya bara itateremka kwa kasi, na bahari za dunia nzima zitapanda.

Jua la hapa haliliwezi bamba hili. Linaliwa kutoka chini. Kutoka vilindini huja maji tunayoyaita ya moto, ingawa ukiyatia kidole kitakufa ganzi. Kwa barafu hayo ni moto. Sasa kumbuka Shangazi anavyoyeyusha nta. Akiweka bonge la nta juu ya maji ya moto asiliguse, nta huyeyuka taratibu sana. Akikoroga, huisha upesi. Huku pia ni hivyo. Maji yaliyoyeyuka ni baridi na mepesi, hujilaza chini ya barafu kama blanketi na kuikinga. Bahari ikitulia, blanketi hukaa. Ikisukasuka, blanketi huchanika na moto wa chini hupanda. Kazi yetu ni kupima huo msukosuko. Tunateremsha chombo kwenye ufa, kinaning'inia chini ya barafu, kinahesabu jinsi maji yanavyojizungusha. Hakuna anayejua bado ni kiasi gani. Ndiyo maana tuko hapa.

Mwambie mke wangu Mwamvita nitakuwa nyumbani kabla ya Ramadhani. Nimemwandikia barua yake mbali.

Mwanao,
Shaban Omari

Mwalimu Omari, shikamoo. Mwanao anawadanganya. Alikufa kwa baridi wiki iliyopita, nikamzika, akafufuka kwa kunusa supu, akafa tena. Nimemzika mara mbili kwa mikono yangu, nanyi Wanyamwezi hamjanilipa hata mguu wa kuku. Nadai mbuzi wangu. Msalimie mke wangu mdogo Mwamvita, mwambie asihuzunike, nipo. Ni mimi mtani wenu, Salumu Pazi, Mzaramo wa Kisarawe.


Kanyenye, Tabora
14 Januari 1975

Mwanangu Shaban,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu. Maelezo yako yamepangika. Mwandiko umeharibika, mtu aliyevaa glavu asiandike, angoje mpaka azivue.

Sisi hatujambo. Siku hizi naenda Itetemia kufundisha kisomo cha watu wazima. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali porini wamekusanywa huko kufanya kijiji. Wengine waliletwa kwa lori muhogo wao ukiwa bado ardhini. Kazi yangu ni kuwafundisha kusoma, na ninaifanya. Kwa kuwa vitabu ni vichache, huwasomea barua zako. Wamezipenda kuliko vitabu. Barua ikifika huipeleka darasani bila kuifungua, kwa sababu wanataka kuona inavyochanwa.

Tulilifanya lile jambo la nta. Shangazi yako Mwanahawa alitoa sufuria mbili na kutuapiza tusizitoboe. Nta iliyokorogwa ilikwisha, ile nyingine ilikuwa bado bonge, darasa likapiga makofi. Hapo Mama Pelagia, aliyeanza kuandika jina lake mwezi uliopita tu, akauliza: "Mwalimu, hapa unakoroga wewe. Huko kwa mwanao anakoroga nani?" Kasimiri, anayekaa nyuma, akasema, "Wazungu." Nilinyamazisha vicheko. Nikamwahidi nitakuuliza. Nijibu.

Mwambie huyo Mzaramo wako kwamba mbuzi hapati. Mara ya kwanza alituandikia kuwa umeliwa na dubu. Mara ya pili ukawa umeoa mjane wa Kirusi mwenye ndevu. Sasa umekufa mara mbili. Bi Mwanahawa anaagiza nimwambie kuwa mzikaji asiye na maiti halipwi. Watu wa darasa hungojea maneno yake kuliko yako.

Mwamvita amejaa tele. Anashona, anauza vitambaa vyake, hasemi kitu. Lakini ametia chokaa ukuta wa chumba chenu.

Baba yako,
Omari Abasi


Kambi ya Barafuni, Antaktika
20 Januari 1975

Mwalimu Omari Abasi,

Shikamoo.

Nakuandikia habari nzito. Shaban ametutoka. Tarehe 9 ya mwezi huu alianguka katika ufa tuliokuwa tukifanyia kazi, akachukuliwa na maji chini ya barafu. Mimi nilikuwepo. Tulimtafuta mpaka tukakatazwa kuendelea. Mwili haukupatikana.

Wakubwa wa msafara wamepeleka taarifa kwa simu ya upepo, nayo itapitia Wizarani. Nimeona si haki mlisikie jambo hili kwanza kwa mtu mwingine.

Nakupa pole, wewe na Bi Mwanahawa. Mfikishie salamu zangu na pole yangu Bibi Mwamvita. Mungu amrehemu.

Salumu Pazi


Kanyenye, Tabora
2 Machi 1975

Wewe Mzaramo mnywa madafu,

Hujambo? Hii ni sauti yangu mimi Mwanahawa binti Abasi, na mkono ni wa Mwamvita, maana kalamu na mimi hatujaonana.

Barua yako imefika, Kaka akaipeleka Itetemia akaichana mbele ya darasa kama kawaida. Basi alipofika "Shaban ametutoka", Kasimiri akapiga kelele, "Hiyo ya tatu! Ya tatu!" Watu walicheka mpaka benchi likaanguka na waliolikalia. Na Kaka Omari, ambaye tangu nimjue hucheka Idi kwa Idi, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Safari hii kaandika vizuri, hana kosa hata moja."

Sasa sikia, mtani. Umekufa kwa njaa ya nyama ndiyo maana unatuulia watoto. Dubu umemtumia, baridi umeitumia, leo maji. Kesho utasema kamezwa na nyangumi. Matanga tumekwisha kukaa, tumekula pilau, fungu lako tumempa paka. Ukitaka mbuzi, mlete marehemu mwenyewe aje na miguu yake, amkamate amchinje, wewe upewe kwato. Na uache kumwita mke wa watu mkeo, hata kama safari hii umejitia adabu.

Mwambie Shaban ajibu swali la Mama Pelagia, baba yake anasumbuliwa njiani.

Mtani wako asiyekuogopa,
Mwanahawa binti Abasi

Shemeji Pazi, hapa chini ni mimi mwenyewe. Shangazi yuko uani, haoni ninachoandika. Katika barua zako zote umeniita mke wako mdogo, na katika hii umeniita Bibi Mwamvita. Nimeisoma tena na tena. Nakuomba kwa Mungu uniandikie mimi peke yangu, kwa anwani ya kaka yangu aliyeko Cheyo. Je, ni utani?
Mwamvita


Montevideo
30 Machi 1975

Bibi Mwamvita,

Si utani.

Barua yenu nimeikuta hapa bandarini. Nilipoisoma nilielewa nilichowafanyia, nikakaa juu ya mizigo mpaka baharia mmoja akaja kuniuliza kama naumwa.

Shaban alikufa tarehe 9 Januari. Kama kuna kiapo kinachoweza kunifanya niaminike, nakiapa. Mfikishie Mwalimu kwa namna utakayoona inafaa. Mimi sina tena maneno ya kumfikishia.

Salumu Pazi


Kanyenye, Tabora
5 Mei 1975

Ndugu Salumu Pazi,

Barua ya Wizara ilinifikia katikati ya Aprili. Ina mistari minne. Inasema kwamba mwanangu "ametoweka akiwa kazini". Niliikunja nikaitia mfukoni mwa koti langu la darasani, na sikumwambia mtu. Niliona Mwamvita ni mdogo, ametia chokaa ukuta, anangojea Ramadhani. Nikasema moyoni, na angoje siku mbili tatu zaidi.

Sikujua kwamba wakati huo naye alikuwa na barua yako, imelazwa chini ya cherehani yake. Aliona mimi ni mzee. Hivyo tulikaa nyumba moja, tukala sahani moja, kila mmoja akimlinda mwenziwe na jambo lile lile. Jioni moja dada yangu alianza kumtania, "Mumeo atarudi na mke wa barafu, utamlaza wapi asiyeyuke?" Mimi na Mwamvita tukainuka mkekani kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuinuka. Akanitazama, nami nikamtazama. Nikatoa barua yangu, naye akaenda kuleta yake.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu jambo lililobaki si la huzuni tu, ni la sheria.

Nilikwenda kwa Shehe Humaidi kuomba mwanangu asaliwe sala ya maiti asiyekuwepo, na Mwamvita aingie eda. Shehe ni mtu mwema, na alilia pamoja nami. Lakini alitaja mambo mawili. La kwanza: Wizara inasema ametoweka. Mtu aliyetoweka ni hai mpaka ijulikane kuwa amekufa, na mke wake ni mke wa mtu. La pili: aliyeshuhudia kifo ni nani? Nikamtaja. Akauliza, "Si ndiye yule ambaye mji mzima unacheka barua zake? Aliyemuua kijana huyu mara tatu kwa kalamu? Mwalimu, nitampokeaje kuwa shahidi wa kifo mtu aliyekifanya kifo hicho hicho mchezo?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimecheka.

Elewa maana yake. Mwamvita ana miaka ishirini na miwili. Neno lako likikataliwa, hatakuwa mke wala mjane. Atangoja miaka, na hakuna mwenye kumwambia mingapi. Baba yake alikuja juzi kutoka Cheyo, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, "Mwalimu, sikuja kugombana. Nambie tu, mwanangu ni nani humu ndani?" Na mwanangu atakaa bila kusaliwa, kama kwamba hakuwa na watu.

Dada yangu naye hataki kulia. Anasema Wazaramo na Wanyamwezi wana desturi yao: msiba ukiwa wa kweli, mtani huja mlangoni kwa miguu yake. Msiba wa kwenye bahasha kwake ni utani. Siku nzima hushinda anayeyusha nta, anaimba.

Kwa hiyo niandikie ushahidi. Andika uliyoyaona kwa macho yako, kisha acha nafasi, kisha andika unayoyakisia. Usiyachanganye. Usinifariji wala usipambe. Andika hata yale ambayo ungependa nisiyajue.

Omari Abasi


Leningradi
3 Juni 1975

Mwalimu Omari, shikamoo.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako ya Januari kwa Shaban. Ilifika kambini akiwa amekwisha kufa. Sikuifungua.

Niliyoyaona ni haya.

Ufa ule una upana wa barabara, na ndani yake ni bahari. Tulikuwa watu watatu, mimi, Shaban na fundi wa winchi ya kuvutia waya ambaye hakuwa akitazama upande wetu. Tulikuwa tukikipandisha chombo. Waya uliganda barafu, Shaban akaenda kuugonga. Alikuwa amejifunga kamba kama kanuni inavyotaka, na kamba imefungwa kwenye kigingi. Ukingo ulikatika. Kigingi kilikuwa juu ya kipande hicho hicho, kwa hiyo kilimfuata majini. Nililala kifudifudi ukingoni. Maji ya huko ni maangavu kuliko maji ya kisima chochote. Aliibuka mara moja, akaugusa ukuta wa barafu kwa viganja, ukamteleza. Mkondo ukamvuta kuelekea ndani. Koti lake lilikuwa la rangi ya chungwa, kwa hiyo niliendelea kumwona chini ya maji kwa muda wa mtu kusoma Alhamdu, nami nilikuwa nikiisoma. Uso wake ulikuwa juu. Macho yalikuwa wazi. Mikono ilikuwa imefunguka, haikuwa ikipiga maji, na kinywa hakikutoa mapovu. Kisha paa la barafu likamfunika.

Umesema niandike hata nisiyopenda uyajue. Kabla ukingo haujakatika tulikuwa tukitaniana. Nilimwambia waya ukimkata nitamzika kwa gunia, sanda ni ghali. Alikuwa bado anacheka. Ndivyo alivyoanguka.

Ninayoyakisia ni haya.

Maji yale huua mtu mzima kabla chai haijapoa. Chini ya paa lile hakuna tundu la kutokea, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Siku ile mwezi ulikuwa karibu kuandama, na mwezi ukiwa hivyo maji hujaa na kupwa kwa nguvu kuliko siku nyingine. Mwezi ndio unaoikoroga bahari chini ya barafu. Huyavuta maji yakaingia, huyarudisha yakatoka, nayo hujikwaruza kwenye paa mpaka yakazunguka. Tulipokitoa chombo, kilikuwa kimeandika msukosuko mkubwa kuliko siku zote tulizopima. Wenye msafara wamefurahia hesabu hizo. Wanasema zitawafaa watu wengi. Silikisii hilo, nalijua, na sijaweza kuzitazama.

Wakubwa waliandika "ametoweka" kwa sababu kanuni yao inataka mwili. Mimi sikutaka mwili. Nilimwona.

Nimeapa mbele ya wanafunzi wawili Waislamu kutoka Zanzibar, nao wametia sahihi zao nyuma ya karatasi hii. Mwambie Shehe kwamba tangu siku ile sijamtania mtu yeyote, wala sidhani kama nitaweza tena. Kama hilo linaufanya ushahidi wangu uwe mzito, na lihesabiwe.

Nimemaliza masomo. Nitarudi nyumbani mwezi wa Agosti. Sijui kama nina ruhusa ya kufika Tabora.

Salumu Pazi


Kanyenye, Tabora
8 Julai 1975

Mwanangu Pazi,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara moja. Sikuweza mara ya pili. Ni barua sahihi.

Niliipeleka kwa Shehe Humaidi na wazee wawili wanaokaa naye. Waliisoma, wakaigeuza, wakatazama sahihi za Wazanzibari. Shehe akasema ushahidi ni wazi, lakini shahidi ni yule yule. Ndipo nikaomba ruhusa kusema jambo ambalo si la kitabu.

Nikawaambia: babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alitoka hapa na pembe begani, akafa Uzaramo, karibu kufika Bagamoyo. Hakuna aliyemleta mwili. Mzaramo asiyemjua alimzika, akachukua kitambaa chake kuwa malipo, akalituma neno kwa msafara uliokuwa ukirudi: mtu wenu nimemzika, nimejilipa, msinidai. Neno hilo lilitembea miezi mpaka likafika hapa, limejaa matusi ya utani. Bibi yangu alilipokea, akakaa eda, akaolewa, akazaa. Nikawauliza wale wazee: nani kati yenu hana babu aliyefia katika njia ile? Nani aliletewa maiti? Watu wetu wote waliozikwa kati ya hapa na pwani, tunajua wamekufa kwa sababu mtani alisema. Si kwamba tulimwamini ijapokuwa alikuwa akitania. Tulimpa utani kwa sababu ndiye tuliyemwachia vifo vyetu.

Shehe aliwatazama wale wazee wawili. Kisha akasema, "Mwalimu, hilo nalo ni hoja. Tupe mpaka Ijumaa."

Jibu lako nimelipeleka Itetemia. Mama Pelagia alikuwa ameuliza huko anakoroga nani, na swali hilo ndilo lililokuwa ndani ya bahasha ambayo hukuifungua. Nikamwambia, mwezi. Kasimiri alikuja mbele, akachukua chaki, akaandika ubaoni jina la mwanangu, herufi kubwa mahali pake, bila kosa. Sikuwa nimemfundisha neno hilo. Halijafutwa.

Kuhusu ruhusa ya kufika Tabora: huhitaji ruhusa, una kazi. Dada yangu bado hajalia. Namwona anavyokonda. Anayeyusha nta ambayo haina mnunuzi, na akisikia hatua mlangoni hunyanyua kichwa, kisha hukiteremsha. Sisi wa nyumbani tumeshindwa kumwambia. Hatatusikia.

Kwa hiyo usije na uso wa msiba. Njoo kama mtani. Simama mlangoni utukane ukoo wetu. Vaa kanzu ya Shaban, kama mtani anavyovaa nguo ya marehemu msibani; Mwamvita ameipiga pasi. Tembea kama alivyokuwa akitembea, ukiinamisha bega la kushoto, ukohoe kama alivyokuwa akikohoa akiingia ndani. Dai haki yako mbele ya watu wote. Unasema huwezi tena. Mimi nilikuwa mtu nisiyecheka, nikacheka siku ambayo sikupaswa kucheka. Wewe unaweza kutania siku moja unayopaswa. Dada yangu akikuona umefanya hivyo ndani ya kanzu ile, atajua. Atalia, na nyumba hii itaweza kupumua.

Mwamvita hakungoja wazee kuanza eda. Jana aliosha macho, akakusanya wanja, udi na manukato yake, akayafunga kwenye kasha, akaniletea ufunguo. Nilimwuliza, "Na wakikataa?" Akasema, "Baba, wao wanaamua kwa ajili ya watu. Mimi nilijua tangu Pazi aliponiita Bibi."

Mbuzi nimekwisha kununua. Amefungwa uani, na wala si kwato utakazopewa.

Ijumaa, uamuzi ukishatolewa, nitakuandikia siku hiyo hiyo kwa mkono wangu.

Baba yako wa Tabora,
Omari Abasi